Gari Lililoshushwa na Mwelekeo wa Magurudumu Yake: Hotuba kwa Mafundi na Madereva wa Malindi

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu wa ufundi, mafundi wenzangu kutoka gereji za Malindi, Watamu na Gongoni, nanyi vijana mliokuja na magari yenu mkayaegesha pale nje chini ya mwarubaini, assalamu aleikum, na hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo moja, nami sitatoka ndani yake: namna ya kurekebisha alaimenti, yaani mkao na mwelekeo wa magurudumu, ya gari lililoshushwa, lile ambalo mwenyewe amelipunguza kimo. Kazi hii nimeifanya hapa mjini kwa miaka mingi, na miaka hii ya karibuni haipiti wiki ila naletewa gari lililoshushwa kwa pesa nyingi, likapendeza kweli kweli, ambalo baada ya miezi miwili tu matairi yake ya mbele yameliwa upande wa ndani hadi nyuzi za chuma zikatokeza, ilhali upande wa nje meno yangali marefu kama siku yaliponunuliwa. Mwenye gari huniambia maneno yale yale: “Fundi, kemba imezidi, nitolee kemba.” Leo nimekuja kusema kwamba katika magari mengi ya namna hiyo kemba imesingiziwa. Kilicholila tairi ni tou, na tou iliharibika siku ile ile gari liliposhushwa, mbele ya macho ya watu ambao hawakuipima.

Kwa wale ambao si mafundi, naomba nifafanue maneno matatu kabla sijaendelea, kwa kuwa yanatumika kila siku na kuchanganywa kila siku. Kemba ni mlalo wa gurudumu ukilitazama gari kwa mbele: sehemu ya juu ikiinamia ndani, kemba ni hasi, ikiinamia nje, ni chanya. Tou ni mwelekeo wa gurudumu ukilitazama gari kutoka juu, kama ndege anavyoliona: magurudumu mawili yakikaribiana kwa mbele kuliko kwa nyuma, hiyo ni tou ya ndani, yakiachana kwa mbele, ni tou ya nje. Kasta ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu huuzunguka dereva anapokata usukani, nayo ndiyo inayoufanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona na gari lishike njia iliyonyooka.

Sasa tufanye hesabu kidogo, kwa sababu hesabu hii ndiyo iliyonifumbua macho mimi mwenyewe. Chukueni tairi lenye kipenyo cha milimita 600, ambalo si kubwa wala dogo kwa magari yetu. Tuseme tou ya nje ni jumla ya milimita 3 kwa magurudumu mawili ya mbele, yaani milimita 1.5 kwa kila gurudumu, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona hata ukichutama mbele ya gari mchana kutwa. Milimita 1.5 ndani ya milimita 600 ni sawa na mita 2.5 ndani ya kilomita moja. Maana yake ni kwamba kwa kila kilomita gari linayokwenda mbele, kila tairi la mbele linaburutwa mita mbili na nusu kwa ubavu juu ya lami. Kutoka hapa hadi Mombasa ni takriban kilomita 120. Basi dereva akifika Mombasa, matairi yake mawili yameburutwa kwa ubavu mita 300 kila moja, na jioni yatafanya hivyo tena yakirudi. Hakuna mpira uliotengenezwa na binadamu utakaostahimili jambo hilo kwa muda mrefu.

Linganisheni na kemba. Tairi la upana wa milimita 185 likilazwa digrii moja, tofauti ya kimo kati ya ukingo wa ndani na wa nje ni kama milimita 3, nayo ubavu wa tairi, ambao ni mpira wenye kunyumbuka, huimeza sehemu kubwa ya tofauti hiyo. Tairi lililolala kidogo linaendelea kuviringika kuelekea linakotazama, haliburutwi. Kwa hiyo kemba hasi ya digrii moja na nusu, tou ikiwa sawa, italila tairi polepole sana, na pengine mwenye gari asitambue. Lakini kemba hasi ikikutana na tou ya nje, uzito wote umeegemea ukingo wa ndani na mburuto wote unafanyika ukingoni hapo. Ndipo watu wanapoona ukingo wa ndani umekwisha, wakaitazama kemba kwa kuwa inaonekana, wakaiacha tou kwa kuwa haionekani.

Sasa kwa nini kushusha gari kunaibadilisha tou, hali hakuna aliyeigusa? Magari mengi yanayopita mbele ya macho yetu, Vitz, Demio, Note na mengineyo, yana muundo mmoja kwa mbele: shokapu na springi vimeunganishwa vikawa nguzo moja inayobeba pembe ya gari, na chini ya nguzo hiyo kuna mkono mmoja unaoizuia isiende ndani wala nje. Muundo huo ni wa mhandisi Mmarekani, Earle MacPherson, aliyeufikiria akiwa General Motors katika miaka ya 1940 kwa ajili ya gari dogo ambalo halikufika sokoni. Akahamia Ford, na Ford wakautia katika magari ya Consul na Zephyr yaliyoonyeshwa Uingereza mwaka 1950. Wazee waliomo humu huenda wakaikumbuka Zephyr, kwa maana ndiyo iliyoshinda mbio za Safari za mwaka 1955. Ni muundo mwepesi, wa gharama nafuu na wenye nguvu, lakini ulipangwa kwa kimo fulani, na ukikibadilisha kimo hicho umebadilisha mambo mengi kwa mkupuo mmoja.

Katika magari mengi ya namna hii, gari likiwa kwenye kimo cha kiwandani, mkono wa chini huteremka kidogo kutoka kwenye chasi kuelekea gurudumuni. Ukiishusha chasi, mkono unakaribia kuwa sawa na ardhi, ncha yake ya nje inasogea nje, na gurudumu linalala likapata kemba hasi. Hilo ni la kwanza. La pili ni kwamba tai rodi, ile fimbo inayotoka kwenye reki ya usukani (chuma chenye meno kinachosogea kushoto na kulia usukani unapokatwa) kwenda gurudumuni, nayo inazunguka kwenye duara lake, lenye urefu wake na kitovu chake. Katika kimo cha kiwandani wahandisi walihakikisha duara la tai rodi na duara la mkono wa chini yanakwenda pamoja. Gari likishushwa milimita 40 au 50, yale maduara mawili hayaendi pamoja tena: mkono unasukuma gurudumu nje kwa kiasi kimoja, tai rodi inalishika kwa kiasi kingine, na gurudumu halina budi kugeuka. Katika magari mengi ambayo reki yake iko nyuma ya ekseli, gurudumu hugeukia nje. Hiyo ndiyo tou ya nje niliyowaeleza, nayo imekuja bila mtu kulegeza nati hata moja.

Tena jambo hilo haliishii gari likiwa limesimama. Kwa sababu fimbo sasa imelala kwa pembe ambayo haikukusudiwa, kila gurudumu linapopanda tuta au kuangukia shimo, mwelekeo wake hubadilika, na dereva huhisi usukani ukimvuta kushoto na kulia kwenye barabara mbovu ilhali mikono yake imetulia. Nanyi mnajua matuta yetu yalivyo, kuanzia hapa mjini hadi Gede.

Kabla sijafika kwenye vipimo, nataka nikae kidogo kwenye kitu ambacho karibu kila gereji hukipuuza, nacho ni bushi za mkono wa chini, vile viungo vya mpira vinavyoushika mkono kwenye chasi. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Mpira wake umegandishwa na bomba la chuma la ndani na la nje, na mkono unapopanda na kushuka, mpira ndio unaojipinda. Bolti ya bushi ikikazwa gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia, bushi imefungwa katika hali ya kuning'inia. Gari likiteremshwa chini, mpira unajipinda kwa nguvu na kubaki umejipinda usiku na mchana. Matokeo ni mawili: gari halikai kwenye kimo chake cha kweli, kwa kuwa bushi zinalisukuma juu, na baada ya miezi michache mpira unachanika. Katika miaka yangu ya mwanzo nilikuwa nikizikaza bushi hivyo hivyo, nikapima, nikamkabidhi mtu gari lake nikiamini nimefanya kazi ya haki. Magari yalirudi, bushi zimechanika, vipimo vimepotea, nami nikawa nalipima upya gari lile lile nisijue kwa nini halitulii. Tangu nilipojifunza, sigusi kipimo chochote kabla bolti zote za bushi hazijalegezwa, gari likateremshwa likasimama kwa magurudumu yake, likatikiswa mara kadhaa mbele na nyuma, kisha bolti zikakazwa likiwa chini, kwenye shimo la gereji au juu ya mbao nene. Nawasihi wanafunzi mliopo hapa mlishike hilo hata mkiyasahau mengine.

Juu ya springi zenyewe nitasema machache. Springi iliyokatwa kwa msumeno huwa ngumu zaidi kwa sababu mizunguko imepungua: yenye mizunguko sita inayofanya kazi, ukikata mmoja, ugumu wake umepanda kwa asilimia 20. Hilo mtu anaweza kuishi nalo, ilmradi springi iendelee kushikwa katika kiti chake gurudumu linapoachia hadi mwisho. Lakini springi iliyochomwa moto wa gesi ili ilale, hiyo nakataa kuipima. Chuma chake kimepoteza ugumu mahali palipochomwa, kitaendelea kulala siku hadi siku, pengine upande mmoja kuliko mwingine, na anayelipima gari la namna hiyo anachukua pesa za mtu kwa kipimo ambacho kesho hakipo.

Sasa kupima. Mashine za kisasa zenye kamera ni nzuri, na aliye nayo aitumie. Ila nataka aliye katika gereji ya bati asione kwamba kazi hii imemkataa. Mji wetu huu umejengwa kwa uzi na timazi. Mwashi anayesimamisha ukuta wa mawe hapa Shella, au fundi anayenyoosha jahazi ufukweni, hana mashine, naye anagundua kosa la milimita mbili. Gari nalo laweza kupimwa kwa vifaa hivyo hivyo, kwa mkono mtulivu na sakafu iliyo sawa.

Sakafu ndiyo ya kwanza. Pimeni mahali magurudumu manne yatakapokanyaga kwa mpira wa maji, ule ule wa waashi, na palipo chini pawekwe vigae hadi pote pawe sawa. Chini ya kila gurudumu la mbele wekeni vigae viwili vya sakafuni vilivyotazamana kwa uso wa kuteleza, katikati mkipaka grisi, ili gurudumu liweze kujisogeza likakaa linapotaka. Upepo wa matairi uwe kama ulivyoandikwa kwenye mlango wa gari. Mwenye gari akiwa dereva peke yake kwa siku nyingi, muweke uzito wake kwenye kiti. Mfuko wa saruji wa kilo 50 na ndoo ya maji vinatosha. Kisha pimeni kimo cha kila pembe, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kulia na kushoto, kwa sababu gari lililoinamia upande mmoja kwa milimita 10 halina alaimenti ya kuzungumziwa mpaka limesawazishwa. Kama gari limeshuka mbele zaidi ya nyuma, kumbukeni kasta pia imepungua: mbele ikishuka milimita 25 zaidi ya nyuma, katika gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 2.5, kasta imepungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii, na dereva atalalamika kwamba usukani umekuwa mwepesi na hautaki kurudi.

Nyuzi mbili zinafungwa kwenye stendi nne, moja kila upande wa gari, kwa kimo cha katikati ya magurudumu, zikiwa sambamba. Umbali kutoka kwenye uzi hadi kitovu cha gurudumu la mbele lazima ulingane kulia na kushoto, na vivyo hivyo kwa nyuma. Mbele na nyuma vyaweza kutofautiana, kwa kuwa magari mengi si mapana sawasawa mbele na nyuma. Usukani unafungwa kwa kamba ukiwa katikati. Hapo ndipo rula inapoingia: pimeni kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa rimu kwa mbele, kisha hadi ukingo wa rimu kwa nyuma. Mbele ikiwa 152 na nyuma 150, gurudumu hilo lina tou ya ndani ya milimita 2 kwenye rimu. Angalieni neno hilo, kwenye rimu, kwa maana kipimo cha milimita hakina maana mpaka useme umepima kwenye kipenyo gani, na hiyo ndiyo sababu mafundi wawili waaminifu hubishana kwa gari moja. Rimu inayoitwa ya inchi 16 imepimwa mahali tairi linapokaa. Ukingo wake wa nje una takriban milimita 440. Milimita 2 kwenye ukingo huo si sawa na milimita 2 kwenye tairi la 600.

Kemba inapimwa kwa timazi iliyoning'inizwa mbele ya gurudumu, mkilinganisha umbali wa uzi hadi ukingo wa rimu juu na chini. Kwenye ukingo ule wa milimita 440, kila digrii moja ni kama milimita 7.7, kwa hiyo juu ikiwa imeingia ndani milimita 12 kuliko chini, gari lina kemba hasi ya digrii moja na nusu hivi. Upepo wa kaskazi ukivuma, tumbukizeni timazi ndani ya mkebe wa mafuta machafu, itatulia.

Anzeni nyuma. Nalisema hili kwa uzito wote nilio nao. Gereji nyingi huiita alaimenti pale wanapozungusha tai rodi za mbele mpaka usukani unyooke, na nyuma hawaigusi. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayoliambia gari njia yake. Yakielekea upande, gari linakwenda kama kaa, na dereva anaupinda usukani ili lifuate barabara. Kijana mmoja aliniletea gari la saluni lililoshushwa nyuma na mbele, limetoka kupimwa mahali pengine siku kumi kabla. Tou ya mbele ilikuwa nzuri. Nyuma ilikuwa imefunguka nje milimita 4, na katika mvua ya masika, katika ile barabara inayopita kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, aliachia mafuta ghafla kwenye kona na gari likageuka lote likatazama lilikotoka. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi. Lakini nilipomwonyesha kipimo alikaa chini kimya kwa muda, nami sikuwa na neno la kumpa. Mtu alilipia usalama, akapewa usukani ulionyooka.

Magari yenye mikono mingi nyuma mara nyingi yana bolti yenye tumbo la pembeni ambayo ukiizungusha inabadilisha tou, na kemba ikizidi hununuliwa mikono ya kurefushika. Magari madogo ya ekseli moja ya kujipinda, kama Vitz, hayana cha kuzungusha. Kemba na tou ya nyuma hazibadiliki sana kwa kushushwa, na zikiwa mbaya, ama ekseli imepinda kwa kugongwa, ama bushi zake zimekwisha, na dawa ni kuzibadilisha au kutia vipande vyembamba vya chuma kati ya ekseli na kitovu cha gurudumu.

Nyuma ikiwa sawa, njooni mbele, nanyi mfuate utaratibu huu: kasta, kisha kemba, na tou iwe ya mwisho kabisa, kwa kuwa ukiigusa kemba umeigusa na tou. Kemba ya mbele hurekebishwa kwa bolti ya kemba, ambayo huingia katika tundu la juu kati ya mawili yanayoshika shokapu na gurudumu. Mwili wake ni mwembamba na una tumbo la pembeni, na kwa kawaida huweza kuleta kama digrii moja na nusu. Kwa kuwa ni nyembamba kuliko ya kiwandani, ikazwe kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kiasi alichotoa mtengenezaji, wala si kwa bomba refu na nguvu za bega. Nimeona mafundi wakilipanua tundu la shokapu kwa grenda badala ya kununua bolti hiyo. Nawaomba waache. Siku bolti ikiteleza katika tundu lililochongwa, gurudumu hulala ghafla, na hakuna dereva aliyejiandaa kwa hilo.

Tai rodi zizungushwe pande zote mbili kwa kiasi kimoja ili usukani ubaki katikati, na hakikisheni hesi zilizobaki ndani ni za kutosha. Ikiwa gari limeshuka zaidi ya milimita 40 na usukani unavuta kwenye kila tuta, kurekebisha tou peke yake hakutaliponya. Hapo panahitajika ncha ya tai rodi iliyoshushwa, pamoja na boli jointi (kiungo cha mkono wa chini na gurudumu) ndefu inayourudisha mkono huo kwenye pembe yake, kila moja ikiwa imetengenezwa kwa gari hilo. Gharama ni kubwa, nakubali. Lakini kuliinua gari milimita 15 ni bure kwa mwenye shokapu ambazo kimo chake hurekebishwa kwa kuzungusha, na mara nyingi huo ndio ushauri ninaoutoa, ingawa vijana hawapendi kuusikia.

Vipimo gani basi? Gari la barabarani lililoshushwa milimita 30 hadi 40, ambalo si la mbio, mimi huliacha na kemba ya mbele kati ya hasi 1 na hasi 1.5, kulia na kushoto zisipishane zaidi ya nusu digrii. Tou ya mbele sifuri au chini ya milimita moja ya ndani kwa jumla. Nyuma kemba ya kiasi hicho hicho, na tou ya ndani milimita 1 hadi 2 kwa jumla ili gari litulie. Mashine itaweka rangi nyekundu kwenye kemba, kwa kuwa imekariri kimo cha kiwandani. Msiiogope rangi hiyo, na msiwaruhusu wateja waiogope. Nyekundu ya tou ndiyo ya kuogopa.

Pwani yetu ina adui mmoja zaidi, naye ni chumvi. Bolti za alaimenti zinaganda ndani ya bushi zake kwa kutu kiasi kwamba hazizunguki, na fundi akilazimisha, bushi huchanika au kichwa cha bolti hukatika. Anayenunua gari lililotoka nje ya nchi na kulileta Malindi, azitoe bolti hizo mapema, azipake grisi isiyoyeyuka kwa maji, azirudishe, na nati za tai rodi zifanyiwe hivyo hivyo. Ni kazi ya asubuhi moja.

Kwenu madereva nina ombi dogo. Gari lililoshushwa huficha ukingo wa ndani wa tairi nyuma ya bodi. Kila mwisho wa wiki kateni usukani hadi mwisho, mpitishe kiganja juu ya meno ya tairi kuvuka kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Mkono ukiteleza laini kuelekea ndani na kukwaruzwa kuelekea nje, tou ni ya ndani kupita kiasi. Ukiteleza kuelekea nje na kukwaruzwa kuelekea ndani, tou ni ya nje. Kiganja kitawaambia wiki kadhaa kabla jicho halijaona, na tairi litakuwa bado linafaa. Baada ya springi mpya, rudini kwa fundi mkisha kwenda kilomita 500 hivi, kwa sababu springi na mipira hukaa sawa polepole na gari huweza kushuka tena kidogo. Gari lenye mfumo wa kompyuta wa kuzuia kuteleza litahitaji pia kuambiwa upya katikati ya usukani ni wapi. Mkumbusheni fundi akisahau.

Gari la mmoja wenu limesimama pale uani juu ya vigae tangu asubuhi, bushi zake zimekazwa likiwa chini, na nyuzi zimefungwa pande zote mbili. Bado hatujalipima, wala mimi sijui tutakuta nini. Mwalimu, naomba uchukue rula, na kijana wa mbele hapo ashike daftari la vipimo. Tutaanza na gurudumu la nyuma, upande wa kushoto.